Jina Langu Kwenye Skrini ya Barazani

Peace alinipigia simu nikiwa darasani katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwaeleza wanafunzi wangu kwa nini kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mzuri zinaweza kukaa bega kwa bega siku nzima zisiambiane neno. Nilitoka nje kupokea. Alilia kwanza, halafu akasema, "Jeremi, Mama ameenda." Mama yake hakunizaa mimi, lakini sikuhitaji kuuliza ni mama gani. Niliwaaga wanafunzi, nikapanda pikipiki hadi Kaberebere, na kutoka pale gari hadi Mbarara. Alasiri ilinikuta nimesimama katika ua wa nyumba yake, ule ule nilioishi ujanani, jirani na kambi ya jeshi ya Makenke, chini ya turubai la msiba la kukodi, machozi yananitoka, mkononi nina sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanamenya ndizi. "Huyu nalia hivi ni nani?" mmoja aliuliza. Mwenzake akajibu bila kupunguza sauti, kama mtu anayetaja kazi ya mtu au kijiji chake: "Si ule Mukongomani alikaa hapa na mama? Ule wa TB." Hakukuwa na ubaya wowote katika maneno yale. Alikuwa ananitambulisha tu, na kwa ule ua hakuna utambulisho uliokuwa sahihi zaidi. Lakini uso uliniwaka moto mpaka masikioni, nikaiweka sahani chini ya kiti kama mtu aliyekamatwa akila kisicho chake. Ndevu zangu zimeanza mvi. Nina mke, nina watoto, nina wanafunzi wanaoniita mwalimu. Na bado neno moja la mtu asiyenijua lilinirudisha nikawa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyesimama juu ya ngazi akisoma jina lake mwenyewe.

Sitaeleza nilivyofika Uganda. Kila mtu wa Nakivale ana hadithi hiyo, na yangu si nzito kuliko ya jirani. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa najifunza kazi kwa fundi wa kompyuta mjini Mbarara, mwanamke aliyeitwa Annet. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo siku zote kulinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mpaka leo nikipita penye harufu ile vidole vyangu hutafuta kibodi. Annet hakunifundisha kutengeneza kurasa za kupendeza. Alinifundisha kitu ambacho hakuna anayekiona: zile amri ambazo programu huzitumia kuomba njia ya kuingia kwenye mtandao wa ndani wa jengo, ili seva iliyo chumba cha nyuma iongee na kompyuta za vyumba vingine bila kuhitaji intaneti. Tunaziita soketi. Programu ya seva inafungua soketi, inashika anwani yake na namba ya mlango wake, inakaa kusikiliza. Programu ya upande wa pili inabisha, inakubaliwa, na mazungumzo yanaanza, ya hao wawili tu. "Amri zenyewe ni chache," Annet alikuwa akisema, "lakini ukikosea mpangilio utashinda unabisha kwenye nyumba isiyo na mtu." Nilizipenda amri zile kupita kiasi. Nilikuwa mtu ambaye kila ofisi aliyoingia aliambiwa asubiri nje, na hapa kulikuwa na lugha ambayo ukiisema sawasawa, mlango unafunguka.

Aibu yangu, kwa kweli, ilianza kabla ya ugonjwa. Mchana wenzangu wa duka la chini waliagiza matoke na nyama kibandani, na mimi nilikuwa na kopo la plastiki lenye bugali, ugali wa kwetu Kongo, na ndagala, wale dagaa wakavu. Harufu ya ndagala haifichiki. Nilikuwa nashuka nalo kwenye ngazi za nyuma, nakula nimegeukia ukuta, haraka, bila kutafuna vizuri. Siku moja Annet alinifuata, akasimama juu yangu akiwa na sahani yake. Akaketi kwenye ngazi na sketi yake ya ofisini, akamega bugali wangu bila kuomba, akachovya. "Kumbe unatuficha chakula," alisema. Nilicheka naye, lakini kesho yake nilienda kula nyuma ya tangi la maji, mbali zaidi. Naandika hili ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani, tayari nimejifunza kuomba radhi kwa harufu yangu.

Kulala nililala kwa Mama Peace. Kanisa letu ndilo lililomwomba, maana alikuwa na chumba na alizungumza Kiswahili, kile cha jeshini alichokipata kwa mumewe. Mumewe tulimwita Afande, ingawa alikuwa amestaafu na vita vyake vilivyobaki vilikuwa dhidi ya kuku wa jirani. Peace, binti yao, alifanya kazi saluni mjini, na mtoto wake Kemi, wa miaka minne, alishinda na bibi yake. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na katikati meza fupi ambapo Mama Peace alitua sinia moja la chakula kwa sisi sote: karo, ule ugali wa ulezi, maharage, na siku ya furaha eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao watu wa Ankole huutoa kwa wageni wanaowaheshimu. Jioni ya kwanza nilikaa karibu na mlango nikingoja niambiwe fasi ya kukaa. "Wewe nangoja nini?" Mama Peace aliuliza. "Hapa hakuna chakula ya wakubwa na chakula ya wageni. Kuja, nawa mikono." Nilikula pamoja nao tangu siku hiyo. Kemi alizoea kukaa mapajani mwangu na kuniibia maharage, mkono wake na wangu ikigongana ndani ya sinia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kliniki moja ya Nakivale. Wagonjwa walikuwa wanazunguka na vikaratasi: kutoka mapokezi hadi kwa daktari, kutoka kwa daktari hadi maabara, na karatasi ikipotea au ikilowana mtu alianza upya. Annet alipata kazi ya kuunganisha vyumba vile kwa waya, pamoja na seva moja iliyotumia umeme wa sola, na barazani, wanapongoja watu, iwekwe skrini ya kuita wagonjwa kwa namba. Aliniachia niandike sehemu ya mawasiliano. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni seva kuzungumza na kila chumba peke yake, soketi moja moja, kujua nani yupo na nani amezimika, na kumpa kila mmoja chake. Ni njia ndefu. Ya pili ni kutuma kila ujumbe kwa anwani inayoishia na 255, anwani ya wote, ambayo kila kompyuta ya mtandao ule huisikia. Halafu programu ya kila chumba inachukua unaoihusu na kuutupa usioihusu. Hii ni fupi, na tulikuwa tumechelewa. Nilipomwonyesha Annet, aliiangalia muda mrefu. "Itafanya kazi," alisema. "Lakini ukitangaza hivi, unategemea adabu ya kila anayesikia. Kwa majaribio sawa. Baadaye ubadilishe." Nilisema ndiyo.

Wakati huo nilikuwa nakohoa. Nilikuwa nimekohoa kwa wiki nyingi, nikalaumu vumbi la barabara ya Kaberebere, halafu dawa ya ng'ombe, halafu baridi ya asubuhi. Suruali zilinilegea nikadhani ni kutembea kwingi. Aliyenishika ni Melkiori, mtu wa maabara, Mrundi mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, siku nilipokuwa chini ya meza yake nikipitisha waya. Alisikiliza kikohozi changu kama fundi anavyosikiliza injini. "Hiki umekianza lini?" aliuliza. Nikamwambia ni vumbi. Akanipa kikopo. "Kesho, kabla ya kupiga mswaki, uniletee makohozi. Vumbi nalo tutalipima." Aliniandikisha kama mgonjwa yeyote, akaniuliza namba ya simu ya nyumbani ninapolala, nikampa ya Mama Peace. Sikumwambia Mama Peace kitu.

Siku ya majaribio baraza lilijaa. Viti vya mbao vilikuwa havitoshi, watu wameketi hadi kwenye ngazi za simenti, wamama wa Kongo, wa Fizi na Uvira, Warundi kutoka mashambani na majembe yao, watoto wenye homa. Namba ya kwanza ilipotokea kwenye skrini watu walipiga makofi, nami nilijiona mkubwa. Kisha umeme wa sola ukayumba, kila kitu kikazimika kidogo, kikarudi. Nilipanda ngazi kukaza waya juu ya mlango, palepale chini ya skrini, mbele ya watu wote. Sikujua kwamba kompyuta ya barazani ilipowaka upya ilianzisha programu yangu ya zamani, ile ya kujaribia, isiyotupa chochote, inayoonyesha kila neno linalopita kwenye waya. Na ndani, Melkiori, kwa furaha ya kutumia kitu kipya, alikuwa anaandika jibu la kwanza kumpelekea daktari. Aliamini linakwenda chumba cha daktari. Mimi pia ningeamini hivyo.

Nilisikia kelele za baraza zikipungua. Bibi mmoja aliyekaa mbele akamwuliza msichana aliyevaa sare za shule, "Banaandika nini pale?" Msichana alisoma kwa sauti ya darasani, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa: "Banasema, Byamungu Jeremi, makohozi, kifua kikuu, imeonekana." Niliinua macho. Herufi zilikuwa nyeupe juu ya bluu, nilizichagua mwenyewe ili wazee wazione kwa mbali. "Ni nani huyo Jeremi?" bibi akauliza tena. Halafu mwanamke mmoja niliyesali naye, ambaye mara nyingi alinipa ndizi njiani, akasema polepole, "Si huyu hapa, juu ya ngazi?" Hakuna aliyepiga kelele wala kucheka. Walifanya kitu kidogo tu: kiti cha mbele kilisogezwa nyuma, miguu yake ikakwaruza simenti, na mama mmoja akavuta kitenge akafunika pua ya mtoto wake. Nikakohoa. Nilikuwa nimekizuia kikohozi kile tangu msichana alipoanza kusoma, na kikatoka chote. Nilichomoa waya wa skrini, nikashuka, na watu wakanipisha njia pana kuliko nilivyohitaji. Daktari alinikimbilia hadi getini, akanirudisha kwa mlango wa nyuma, akanieleza habari za vidonge, miezi sita, na kwamba nitapona. Melkiori alisimama kwenye mlango wa maabara, miwani mkononi, akilia. Sikuweza kumwangalia. Watu hudhani katika hali ile utamkasirikia mtu. Mimi nilitaka tu asinione.

Nilifika Kaberebere mapema nikashindwa kuendelea. Nilikaa nyuma ya stendi, kwenye rundo la matofali, mbali na watu, nikifikiria sinia lile la chakula na mkono mdogo wa Kemi ndani yake. Hilo ndilo lililonitesa kuliko baraza. Barazani niliaibika mbele ya watu. Hapa niliaibika kwa kila tonge nililokula tangu kikohozi kianze. Nilipojikokota hadi Makenke, jua bado lipo, nilizunguka nyuma ya nyumba, na kupitia dirisha la jikoni nikawasikia. Kliniki walikuwa wamekwisha kupiga simu. "Hii kijana lazima iende," Afande alisema. "Mimi nimeona TB katika jeshi. Inamaliza watu." Mama Peace akauliza, "Iende wapi?" Akajibu, "Irudi kule kwao, Nakivale." "Kule wanalala watu wengi kwa nyumba moja. Unataka amalize hao?" Kijiko kiligonga sufuria. Afande alishusha sauti: "Mimi nauliza wewe kitu moja tu. Na Kemi?" Mama Peace aliepua sufuria. "Kemi nitapeleka kesho kupima," alisema. "Peace amejua, analia kule ndani. Lakini kijana akikuja, atakula. Chakula yake nimeweka." Nilitamani angesema niende. Mtu akikufukuza unapata pa kuweka uchungu wako. Huruma ya yule mama haikuniachia hata hapo.

Nilihamishiwa stoo ya uani, iliyokuwa na dirisha kubwa lisilo na pazia, kwa sababu daktari alisema hewa ipite. Nilipewa sahani yangu, kijiko changu, na kikombe ambacho Peace alikipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganywe na vingine. Alinikabidhi akiangalia pembeni. Vidonge vile vinageuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa yaliyoiva, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Asubuhi ya kwanza nilitoka chooni nikiamini nakufa, nikaona aibu hata kuuliza. Nilimwaga maji ndoo nzima ili Afande asione. Kemi alipimwa, akaonekana hana ugonjwa, lakini kwa kuwa alikuwa mdogo na amekaa karibu nami, alipewa vidonge vya kinga, navyo vya miezi. Alivitema. Alivitema kwenye uji, kwenye asali, kwenye mkono wa mama yake. Mwishowe Mama Peace akamleta mpaka hatua kadhaa kutoka mlango wa stoo, akamkalisha kwenye kigoda juani. "Tazama Uncle anameza," akamwambia. Nikaweka vyangu kinywani, nikameza, nikafungua mdomo aone. Kemi akaangalia ndani ya mdomo wangu kwa mbali, akaridhika, akameza chake. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anakuja ananiita, "Uncle, twende dawa!" kana kwamba ni mchezo wetu. Nilimeza na kutabasamu. Mtoto yule anakunywa dawa chungu kwa ajili yangu na ananishukuru kwa kumsindikiza, nilijiambia, na siku nyingine nilijificha nyuma ya mlango kwanza ili nipate uso wa kutoka nao.

Baada ya wiki kadhaa daktari alipima tena akasema siambukizi mtu, naweza kurudi mezani. Mama Peace alikuja na tambara na dawa ya kuondolea rangi aliyoichukua kwa Peace, akasugua kikombe mpaka kikang'aa, akatua sinia sebuleni, akaniita. Nikasema nimeshiba. Kesho yake nikasema kichwa kinauma. Niliendelea kula stoo, mlango nimeurudisha, wiki baada ya wiki, na nilijihesabia kwamba ni heshima. Siku moja alisukuma mlango, mikono imejaa unga wa ulezi. "Wewe Jeremi. Unajua majirani nasema nini? Nasema Mama Peace natesa mukimbizi, nalisha yeye kwa stoo kama mbwa. Mimi niliosha kikombe. Mimi nilisema kuja. Ni nani anakufukuza sasa?" Nilisema naogopa kuwaambukiza. "Daktari amesema hapana! Wewe hapana ogopa ugonjwa. Wewe naona haya. Na haya yako sasa imekuwa yangu, mimi ndiyo natembea nayo huko nje." Sikujua, hadi pale, kwamba aibu ya mtu inaweza kuwaangukia waliomfanyia wema. Nilikwenda kula siku ile. Afande alinyoosha mkono wake wa kulia, akamega kipande kikubwa cha karo, akakiweka upande wangu wa sinia. Sikuweza kukimeza mpaka kilipopoa.

Annet alikuwa amekuja mapema zaidi, siku za kikombe chekundu. Alisimama nje ya dirisha langu na viatu vyake vya mjini kati ya kuku. Tuliongea Kiingereza, kama kawaida yetu. Aliniambia kliniki wamezima kila kitu na kurudi kwenye karatasi. "Wamefanya vizuri," nilisema. Hakunikumbusha alivyonionya. Alitoa kompyuta ndogo kwenye begi, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha. "Mimi naweza kuiandika upya," alisema. "Lakini nikiandika mimi, nitakuwa nafikiria waya. Sitajua ni nini hasa kisipite pale." Akaenda. Kompyuta ilikaa pale hadi jua likaanza kuipiga, nikanyanyuka kuitia kivulini, na nikiwa nimeishika nikaifungua. Niliandika njia ndefu. Kila chumba kibishe, kijitaje, kikubaliwe, kiwe na mazungumzo yake na seva. Kikikatika, seva isubiri, isitafute mwingine wa kumpa. Na skrini ya barazani isipewe majina kabisa, hata kwa bahati mbaya, hata umeme ukiyumba: iwe na mlango wake, unaopitisha namba na jina la chumba, basi. Niliandika taratibu, kwa sababu nilikuwa nachoka, na kila nilipofika kwenye mstari wa kutuma nilimsikia yule msichana wa shule akisoma. Sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu vile tena. Nawaambia wanafunzi wangu ni nidhamu ya kazi. Ilikuwa hofu.

Tulirudi kliniki mwaka ukielekea kuisha, vidonge vimebaki vichache. Nilitaka kukaa ndani, chumba cha seva, lakini Annet alisema lazima mtu aangalie skrini kutoka wanakokaa watu. Kwa hiyo nikaingia barazani. Baadhi yao walikuwa wale wale. Niliona mmoja akimgusa mwenzake goti. Nilikaa mwisho wa kiti kirefu cha mbao, na kiti kile chenye nafasi ya watu watano kikabaki na mimi peke yangu, wakati wengine wamesimama wakiegemea nguzo. Sikuwa naambukiza mtu tena. Nilikuwa na karatasi ya daktari mfukoni inayosema hivyo, na nilifikiria kuitoa niisome kwa sauti, nikaona aibu ingeongezeka tu. Nikainamia viatu vyangu. Melkiori alichungulia kutoka maabara, akaniinulia mkono, nami safari hii nikauinua wangu. Kisha skrini ikaandika namba, na chini yake neno moja, DAKTARI. Hakuna jina. Mzee mmoja Mrundi, mwenye koti zito na kofia ya sufu ingawa kulikuwa na joto, alitazama kikaratasi chake, akatazama skrini, akaingia.

Alikaa ndani kitambo. Niliikodolea macho skrini mpaka yakaniuma, nikingoja herufi zinisaliti. Namba nyingine ikapita, na nyingine. Mzee alipotoka, mtu mmoja aliyeegemea nguzo akamwuliza kwa mazoea ya pale, mahali ambapo siku zote kila mtu alijua karatasi ya mwenzake, "Mzee, wamekwambia nini huko?" Mzee alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Wameniambia yangu," alijibu. Yule mtu akacheka kidogo, akaacha. Nilimtazama mzee usoni, nami nikiwa mtu niliyeuandika mtandao mzima, ninayejua kila amri iliyopeleka jibu lake chumba hadi chumba, na sikuona kitu. Aliangaza macho kutafuta pa kukaa angoje pikipiki. Akaiona nafasi yangu ile yote tupu. Wengine walimwangalia waone kama ataelewa. Sijui kama hakujua habari zangu, au alizijua, au aliyoyasikia ndani yalikuwa yamemfanya asijali tena. Alikuja moja kwa moja, akaweka fimbo yake ukutani.

"Sogea kidogo, kijana," alisema, ingawa nafasi ilikuwa tele.

Nikasogea. Akaketi karibu hadi bega la koti lake likagusa bega langu, akavuta pumzi ndefu, nasi tukakaa hivyo, kila mtu na yake, mpaka pikipiki yake ilipofika.